Jua lawaka Kisesa, barafu yatoka wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima mdogo huku Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Wiki iliyopita kulikuwa na joto la kutoa jasho hata ukiwa umekaa kivulini. Kufika saa tisa alasiri wingu likafunga, ukaja upepo wa baridi, halafu ikamwagika mvua ya mawe kwa dakika kama kumi. Mawe mengine yalikuwa saizi ya gololi. Nyanya zimetobolewa, mahindi yamechanika majani yote. Shemeji yangu analima ng'ambo ya barabara, si mbali, na hakupata hata jiwe moja. Jirani anadai barafu hiyo hupeperushwa kutoka Kilimanjaro. Naomba unieleweshe: kwenye joto lote lile barafu inatoka wapi? Kwa nini shamba langu na siyo la shemeji? Na mahindi niyang'oe nipande upya?

Jibu: Marahaba, na pole kwa shamba.

Nianze na jirani, maana amekosea lakini hakukosea kote. Kilimanjaro iko karibu kilomita 500 kutoka Mwanza, na hakuna upepo wa kubeba barafu kutoka kule ikafika Kisesa ingali jiwe. Ila mlima huo unathibitisha jambo ambalo ndilo msingi wa jibu langu: hata karibu na ikweta, ukipanda vya kutosha unakuta baridi ya kugandisha maji. Kilele chake kina mita 5,895 na kule juu kuna barafu mwaka mzima. Baridi ile haikuumbwa na mlima. Iko juu ya Kisesa pia, kwenye kimo hicho hicho, mchana na usiku, iwe Juni au Novemba. Ndege inayopita kilomita 11 juu inakata hewa yenye nyuzijoto kama 40 chini ya sifuri, huku chini watu wa Kirumba, mjini Mwanza, wanajipepea.

Kwa ukanda wetu, kimo ambacho joto hushuka hadi sifuri huwa kati ya mita 4,500 na 5,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134. Piga hesabu: kutoka shambani kwako hadi kwenye baridi ya kugandisha ni kama kilomita tatu na nusu kwenda juu. Kutoka kwako hadi mjini Mwanza ni mbali zaidi ya hapo.

Basi baridi ipo siku zote. Kinachokosekana siku nyingi ni nguvu ya kuyapandisha maji hadi huko, na kazi hiyo hufanywa na lile lile joto lililokutoa jasho.

Jua linapochoma ardhi tangu asubuhi, hewa iliyogusana na udongo hupata moto, hutanuka, huwa nyepesi na huanza kupanda. Hewa ya kwetu ina mtaji mwingine, nao ni mvuke wa ziwa. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu ukiwa umebeba unyevu huo. Upande wetu wa kusini mashariki, upepo huo hukutana na ule unaotoka mashariki, na hewa inayogongana hivyo haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, mvuke unageuka kuwa matone, na wingu linaanza.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawalifahamu. Mvuke unapogeuka kuwa maji hutoa joto. Lile joto la jua lililotumika kuyavukiza maji ya ziwa linarudishwa ndani ya wingu, hewa ya wingu inabaki na joto kuliko hewa ya kando yake, kwa hiyo inazidi kupaa. Wingu linajipasha moto lenyewe. Ndiyo maana wingu la radi, ambalo wataalamu huliita kumulonimbasi, huanza adhuhuri likiwa kipande cheupe kisicho na madhara, na kabla ya alasiri kichwa chake kimefika kilomita 15 na kuanza kutandaa huko juu kwa kukosa pa kuendelea. Ndani yake kuna mkondo wa hewa inayopanda. Mvua ya kawaida haihitaji mkondo mkali. Mawe yanauhitaji, kwa sababu jiwe halikui bila kushikiliwa angani, na la kulishikilia ni huo mkondo tu.

Tufike sasa kwenye barafu yenyewe, na hapa ndipo penye uhondo.

Tulifundishwa shuleni kwamba maji huganda yakifika sifuri. Kweli kwa ndoo, siyo kweli kwa tone dogo la wingu. Pengine umewahi kutoa chupa ya maji kwenye friza, ukaikuta bado ni maji, ukaigonga mezani ikaganda papo hapo mbele ya macho yako. Maji yale yalikuwa yamepita sifuri bila kuganda, yakisubiri sababu. Wingu limejaa maji ya namna hiyo. Tone dogo safi linaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Ili ligande mapema linahitaji chembe ya kuanzia: vumbi la aina fulani za udongo, kipande cha jani lililooza, hata bakteria. Yupo mmoja, Pseudomonas syringae, anayeishi juu ya majani ya mimea, ambaye protini zake zinaweza kugandisha maji yakiwa nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Kule Kenya, upande wa pili wa ziwa, kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Nandi ambako mvua ya mawe ni mgeni wa kila mara, watafiti waliwahi kuonyesha kwamba hata takataka za majani ya chai zina chembe za kugandisha maji. Sisemi chai ndiyo inayojiletea mawe, maana nyanda za juu zile zina sababu nyingine nzito zaidi, na nitaifikia.

Kwa hiyo ndani ya wingu lako kulikuwa na mabilioni ya matone ya maji yaliyopita sifuri bila kuganda, na katikati yake punje chache za barafu. Punje ikigusa tone, tone linaganda juu yake palepale. Likija la pili, nalo hivyo hivyo. Mwanzoni inakuwa punje nyeupe laini, unaweza kuiponda kwa vidole. Mkondo ukiwa dhaifu, punje hiyo inaanguka na kuyeyuka njiani, hadithi inaishia hapo. Mkondo ukiwa na nguvu, punje inabaki imeelea kwenye ukanda wa nyuzi 10 hadi 30 hivi chini ya sifuri, ambako maji ya namna hiyo ni mengi, na inaendelea kulishwa. Dakika 10 hadi 20 zinatosha kuitoa kwenye saizi ya mchele hadi gololi.

Siku nyingine mawe yakianguka, okota moja kubwa kabla halijalainika, liweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya friza, kisha baadaye lipasue katikati kwa kisu kilichopashwa moto kidogo. Utaona kiini cheupe kama maziwa, kisha pete ya barafu angavu unayoweza kuona upande wa pili, kisha pengine pete nyeupe tena. Pete nyeupe ilijengwa mahali penye baridi kali: kila tone liliganda lilipotua, likafungia viputo vya hewa ndani. Pete angavu ilijengwa mahali penye maji mengi. Kuganda nako hutoa joto, na matone yakija kwa kasi joto hilo halipati nafasi ya kutoka, uso wa jiwe unabaki umelowa, hewa inatoroka, na maji yanaganda taratibu yakiwa safi.

Vitabu vingi bado vinaeleza kwamba jiwe hurushwa juu, hushuka, hurushwa tena, na kwamba kila pete ni safari moja. Maelezo hayo ni matamu kufundishia lakini yanapotosha. Mawe mengi hufanya safari moja tu: hupanda, hukatiza mkondo kwa upande huku yakielea, kisha huanguka. Pete hutokana na kupita sehemu tofauti za wingu, zenye maji mengi na zenye maji machache.

Likishakuwa zito kuliko nguvu ya mkondo, au likisukumwa nje yake, jiwe linaanguka. Kulishikilia jiwe la sentimita 4 kunahitaji hewa inayopanda kwa kasi ya kama kilomita 90 kwa saa. Gololi zako zilihitaji karibu nusu ya hapo, ambayo bado ni pikipiki iliyo mwendoni, ila inaelekea mbinguni.

Kisha ndiyo inakuja sehemu ambayo kwetu huamua kila kitu, nayo ni njia ya kushuka. Chini ya kimo cha sifuri kuna kilomita tatu na nusu za hewa ya joto, na jiwe lazima lizipite. Mawe madogo hayafiki. Yale matone makubwa ya baridi yanayotangulia mvua ya radi, yanayokupiga begani moja moja na kukushtua, mengi yake yalikuwa barafu dakika chache kabla. Mtu wa Dar es Salaam, aliye usawa wa bahari, ana karibu kilomita tano za kuyeyushia, kwa hiyo anaweza kukaa miaka bila kuona jiwe. Mtu wa Kericho, aliye zaidi ya mita 2,000 juu, ana chini ya kilomita tatu, na jiwe ambalo kwako lingefika likiwa tone, kwake linafika likiwa jiwe. Hiyo ndiyo sababu nzito niliyoahidi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuko katikati: tunayapata, ila siyo kila mwezi.

Unyevu wa hewa ambayo jiwe hupita likishuka nao una neno lake. Jiwe likipita kwenye hewa kavu, sehemu ya maji ya juu yake huvukizwa, na kuvukizwa huko hulipoza likachelewa kuyeyuka. Ndiyo sababu mimi huangalia zaidi mwanzo wa vuli, au siku za jua kali baada ya mvua kukatika, kuliko katikati ya masika wakati anga lote limelowa toka chini hadi juu.

Kuhusu radi ni rahisi kueleza sasa. Punje laini za barafu zinapogongana na vipande vidogo vya barafu ndani ya maji yale yaliyopita sifuri, zinagawana chaji ya umeme: vipande vidogo hupanda na chaji moja, punje nzito hubaki chini na nyingine, na tofauti ikizidi umeme unapasua. Maana yake ni kwamba ukisikia ngurumo, hata iwe mchana wa jua kali, juu yako kuna barafu. Siku nyingi haifiki tu.

Shemeji yako naye hakupendelewa na mtu. Mkondo unaozaa mawe ni sehemu nyembamba ya wingu, kilomita chache tu upana wake, na wingu linatembea. Mawe huanguka kwenye ukanda mwembamba unaofuata njia ya wingu, wakati mwingine wa mita mia chache, wakati mwingine wa kilomita kadhaa. Kando ya ukanda huo mnapata mvua tu, mbali kidogo hata vumbi halilowi. Barabara ya kwenu ilikaa mpakani, basi. Wingu jingine likija halitakumbuka lilipita wapi la kwanza, kwa hiyo usije ukahama shamba.

Hapo naomba niwageukie kidogo wavuvi na wanaosafiri kwa mitumbwi, ingawa hawakuuliza. Ule upepo wa baridi uliotangulia mvua kwako Kisesa ndio unaowaua watu ziwani. Mvua na mawe yanaposhuka yanaiburuta hewa pamoja nayo, na kuyeyuka kwa barafu kunaipoza hewa hiyo ikawa nzito, ikashuka kwa kishindo, ikagonga uso wa maji na kusambaa pande zote. Usiku hali ya huku hugeuka: nchi kavu inapoa, upepo unavuma kutoka bara kwenda ziwani, hewa inakutana juu ya maji, na mawingu ya radi yanajengeka huko huko ziwani kuanzia usiku hadi asubuhi, saa ambazo taa za dagaa zinawaka. Barafu iliyoyeyuka kabla ya kufika haikuumizi kichwa, lakini imeshaipa hewa uzito. Mvuvi anayeona wingu limefunga, kisha akasikia ubaridi wa ghafla usoni, muda wa kuanza kujadiliana na wenzake umekwisha.

Mawe yanaweza kuwa makubwa kiasi gani? Lililopimwa kuwa kubwa kuliko yote lilianguka Vivian, South Dakota, Marekani, tarehe 23 Julai 2010: kipenyo sentimita 20, uzito karibu gramu 880. Zito kuliko yote lilianguka Gopalganj, Bangladesh, Aprili 1986, kilo 1 na gramu 20, na watu 92 walikufa siku hiyo. Mwanza tusiogope ya namna hiyo. Kule kwenye mawe makubwa, upepo wa juu hutofautiana sana na wa chini, wingu linainama, mvua inaangukia kando na mkondo unaendelea kupanda kwa saa nyingi. Karibu na ikweta pepo hazitofautiani sana, wingu husimama wima, na mvua yake huanguka ndani ya mkondo wake yenyewe ikauua. Zako dakika kumi zilikuwa ni wingu kujinyonga.

Lakini udogo wa jiwe siyo udogo wa maafa. Machi 2015, Mwakata, wilayani Kahama, kusini kwetu hapa, mvua ya usiku yenye upepo na mawe iliua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wamelala ndani ya nyumba za udongo zilizowaangukia. Ukiniuliza nihofie nini mvua ya mawe inapoanza, nitaangalia ukuta kabla ya kuangalia paa.

Kujua mapema kuna mipaka yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaweza kukwambia kwamba leo au kesho Kanda ya Ziwa ina hali ya kuzaa radi na mvua kubwa, na kuna rada Mwanza inayoweza kuona mwangwi mkali wa mawe yakiwa bado angani. Kukwambia kwamba kesho saa tisa jiwe litaanguka Kisesa, hakuna mtu duniani anayeweza, na atakayekuuzia taarifa hiyo ni tapeli. Hali kadhalika mizinga ya kelele ambayo baadhi ya nchi huitumia kufukuza mawe: haina ushahidi wowote wa kisayansi, na ngurumo ya wingu lenyewe ni kubwa kuliko mzinga wowote. Kinachofanya kazi ni wavu imara uliotandazwa juu ya mazao. Kwa kitalu cha miche ya nyanya gharama inavumilika, kwa ekari ya mahindi haivumiliki.

Sasa shamba. Nyanya zilizotobolewa zichume zote leo. Za kijani hazitapona, zitaoza na kuwaambukiza wenzake. Majani na matawi yaliyovunjika yakate kukiwa kukavu, siyo asubuhi yenye umande. Kila jeraha ni mlango wa bakteria na ukungu, kwa hiyo dawa ya kopa, yaani yenye madini ya shaba, hupigwa mapema, ndani ya siku moja au mbili baada ya mawe. Kwako siku hizo zimepita, lakini kwa majeraha mapya utakayoyaacha ukikata, piga.

Mahindi usiyang'oe bado. Hindi changa huficha kichipukizi chake chini ya udongo hadi lifikishe majani matano au sita yaliyofunguka kabisa. Mawe yanaweza kuchana kila kitu kilicho juu na mmea ukatoa majani mapya kana kwamba hakikutokea kitu. Umeniandikia baada ya wiki, kwa hiyo dalili ziko tayari kuonekana. Pita mistari kadhaa, pasua mashina machache kwa wembe toka juu hadi chini, angalia ndani karibu na mizizi. Kiini kikiwa cheupe au cha manjano hafifu na kigumu, acha mmea uendelee. Kikiwa cha kahawia na kinateleza, umekufa huo. Ukikuta mengi yamekufa na mvua za msimu bado zinatosha, panda upya sasa hivi, na chagua mbegu ya muda mfupi. Kama ulichanganya na maharage, hayo yaangalie kwa jicho kali zaidi: kichipukizi chake kiko juu ya ardhi, na shina lililokatwa chini ya vile vipande viwili vya mbegu vinavyochomoza na mche halichipui tena.